Tezi za Kifua cha Hezekia

Raheli wa Misigiri alikuwa akipepeta alizeti kwa hasira. Ndani, mumewe Hezekia alikohoa. Kikohozi kilikuwa na mwezi wa nne sasa, na suruali yake ilifungwa kwa kamba.

Makohozi yalipimwa, hayakuonyesha kitu. Picha ikaonyesha tezi zimevimba katikati ya mapafu. Hospitali wakapitisha mpira mwembamba kooni, wakachoma sindano, wakatoa chembe za tezi. Majibu yakasema ugonjwa haujaonekana, arudi apimwe tena. Ignas, kaka yake Hezekia na mnunuzi wa alizeti, akakataa. Alisema mtu ameshapimwa, ni mzima, na tezi ikichokolewa tena itasambaza ugonjwa. Ukoo ukamsikiliza kwa kuwa ndiye mkubwa.

Siku hiyo Ignas alikuja kununua magunia. Akamkuta jirani yao Aneth, nesi wa zahanati, ameketi na Raheli. Akauliza kama wanapanga tena mambo ya sindano.

Aneth akamweleza taratibu. Ile ya kwanza huchomwa kwa kukadiria, kwa sababu daktari haioni tezi iliyo nyuma ya ukuta wa njia ya hewa. Ipo nyingine inayopita njia hiyohiyo, ila mpira wake una ultrasaundi kwenye ncha. Daktari anaiona tezi kwenye skrini, na mishipa ya damu anaikwepa. Ipo pia ya kupitia ubavuni, lakini hiyo huweza kutoboa pafu. Daktari huchagua kwa kuangalia tezi ilipo. Na kinachoua, alisema, ni ugonjwa kukaa bila kujulikana.

Ignas akaguna. Akachomeka bambo, kile chuma chake cha kuchotea mbegu, kwenye gunia.

Raheli akaushika mkono wake. "Shemeji, gunia langu unalichoma mara ngapi?"

"Juu, kati na chini. Nyie mnaficha mchanga."

"Ukichoma juu ukaukosa mchanga, unanunua?"

Ignas akachomoa bambo.

"Mchanga unautafuta mara tatu. Ugonjwa wa ndugu yako ukautafuta mara moja, tena kwa kubahatisha, ukasema ni mzima. Kesho tunaondoka. Usiniletee neno la ukoo."

Wakaenda hospitali ya rufaa. Hezekia alipewa dawa ya kumlegeza, na sindano ya ultrasaundi ikaingia kwenye tezi yenyewe. Majibu yakatoka: kifua kikuu cha tezi. Akaanza vidonge, bure, vya miezi sita. Hakuruka hata siku moja. Mwezi wa tatu wa dawa alikuwa akipalilia, na suruali inabana.

Ignas akaja na kuku kuomba radhi. Raheli alimpokea kuku, akamtilia shemeji chai. Radhi hakumpa.

"Kamwombe aliyekuwa anakohoa," akasema. "Yuko shambani."