Arobaini ya Jemadari Ardaro

Sikukuu ya mvinyo ilianza vizuri tu. Nyama ya kondoo ilichemka kwenye masufuria ya shaba, na mfalme Kasago akawamiminia mvinyo wote walioua adui mwaka ule. Kwetu nyikani, asiyeua hukaa kando, hapewi hata tone. Aibu hiyo mtu huibeba mwaka mzima.

Safari hii aliyekaa kando alikuwa Ardaro, jemadari wake. Kasago mwenyewe ndiye aliyemtuma akalinde farasi, mbali na vita. Lakini mvinyo ulishampanda mfalme kichwani, akamtukana Ardaro mbele ya watu kuwa ni mwanamke. Ardaro naye alikuwa amejilewea maziwa ya farasi yaliyochacha, hakunyamaza.

"Hiyo shingo unayomezea mvinyo niliiokoa mimi. Mara mbili. Umesahau?"

Kasago akanyakua mkuki, akamchoma kooni. Ndugu yake wa kuchanjiana, jamani! Ujanani walitia damu zao katika pembe moja ya mvinyo, wakanywa pamoja, mdomo kwa mdomo, wakaapa kuzikwa kaburi moja. Ila damu ikimwagika baina ya walioapa, kiapo hufa. Kwa hiyo Kasago alikuwa huru.

Maiti wetu huzungushwa kwa mkokoteni siku arobaini, kwa rafiki mmoja mmoja, na kila mwenyeji humwandalia marehemu kama mgeni aliye hai. Siku ya thelathini na tisa, mjane wake, Spadina, aliufikisha mkokoteni kwa mfalme.

Kasago alikuwa amelewa tena. Angemwekea sahani tu, yakaisha. Mjinga yule! Roho mbaya ilimwasha, akamkalisha maiti, akajaza pembe, akaibandika kwenye midomo ile mikavu, na midomo yake mwenyewe kando yake.

"Si ulikuwa na kiu? Haya, kunywa na wanaume."

Watu walicheka. Kisha wakaacha. Kasago hakuwa amemeza kitu, na pembe ilikuwa tupu. Kwenye jeraha la maiti hakikuvuja chochote. Koo la Ardaro lilikuwa likicheza, likimeza.

"Mmekunywa pembe moja, mdomo kwa mdomo. Umeapa upya, shemeji," Spadina alinong'ona. "Kaburi moja. Kesho tunazika."

Ulevi ukamtoka palepale. Akaamuru Ardaro asizikwe, azungushwe mwaka mzima, hata miaka kumi. Askari wakaupeleka mkokoteni mbali nyikani, wakawafungua ng'ombe waliokuwa wakiukokota na kurudi nao. Kasago akajifungia hemani, walinzi pande zote. Hakulala. Aliogopa hata kumeza mate.

Asubuhi hema lilikuwa tupu.

Walinzi waliapa hawakuona mtu. Alama za magurudumu zilitoka nyikani, zikapita katikati ya hema, zikaenda hadi kaburini. Alama za kwato hazikuwepo. Shimo alilochimbiwa Ardaro jana lilikuwa limefukiwa, udongo umeshindiliwa.

Spadina alipiga magoti, akatega sikio. Chini kabisa, Kasago alikuwa akimwita kwa jina. Alikuwa akilia. Na kando yake mtu mwingine alikuwa akicheka polepole, cheko ambalo Spadina alilijua vizuri, kwa kuwa alilala nalo miaka ishirini.

Akasimama, akajikung'uta vumbi.

"Ongezeni udongo," akasema.

Waliongeza kwa siku tatu. Na siku zote tatu, Kasago aliita.