Tangazo Lililokosa Jina

Betri nne zilikuwa juani, zimepangwa kwenye ungo ili zipate nguvu kidogo, na redio ikaongea.

Bernadetha alikuwa kwenye kivuli cha dungu akichambua majani ya maboga. Alisikia sauti ya mwanamke, tulivu kama ya mtangazaji wa taarifa ya habari, ikisema kwamba mvua itanyesha Mlimba na Namawala haitanyesha. Alidhani mumewe amerudi na kuiwasha redio. Alipoinua macho alimwona Fridolin mbali, katikati ya mpunga, maji yakimfika magotini, akirusha udongo kwa kombeo kuwafukuza kwelea kwelea. Akatazama ungo. Betri zote nne zilikuwepo.

"Dativa," akamwita binti yake kwa sauti ndogo. "Umeigusa redio ya baba yako?"

"Hapana, mama. Hata mfuniko wa nyuma haujarudishwa. Ona, kuna buibui ndani."

Sauti ilinyamaza, kana kwamba imesikia inazungumziwa.

Huko bondeni mpunga ukianza kutoa masuke watu huacha nyumba zao kijijini na kuhamia mashambani. Kila familia hujenga dungu, kibanda cha miti chenye sakafu iliyoinuliwa juu ya maji, na hukaa humo mpaka mavuno yaishe. Mwaka ule wa 1994 familia ya Fridolin ilihamia ikiwa na msiba. Ignas, mtoto wao wa kwanza, alikuwa amekufa kwa homa huko Kidatu alikokuwa akikata miwa. Fridolin alipopata habari alidandia lori, akafika siku moja baada ya kijana kufumba macho. Walimrudisha, wakamzika Namawala, wakakaa matanga. Siku ya kumi ndege wakavamia mpunga. Arobaini ilikuwa bado.

Katika nyumba yenye msiba redio haiwashwi mpaka tanga lianuliwe. Fridolin alilijua hilo vizuri kuliko wengi, maana baba yake alikuwa mkali wa mambo hayo. Lakini siku ya kufunga mizigo aliitia redio kwenye gunia la vyombo.

"Msiba tunauacha nyumbani," alisema. "Kule ni shambani."

Bernadetha aliendelea kufunga gunia. Kuna maneno mtu aliyefiwa huyasema, nawe unayaacha yapite.

Ukweli ni kwamba Fridolin alikuwa anateswa na kutokujua. Vijana waliolala chumba kimoja na Ignas walimwambia kwamba saa ile anakata roho wote walikuwa kazini. Hakuna aliyekuwepo. Basi alisema nini? Aliita nani? Fridolin aliyauliza hayo akila, akilima, akisali. Aliona akijaza masikio yake habari za kila mahali, labda swali hilo litapata pa kujificha. Kwa hiyo dunguni aliiwasha redio tangu asubuhi mpaka usingizi, akasikia vita vya nchi jirani, bei za mazao, mechi za mpira na vifo vya watu asiowajua, mpaka betri zikalegea.

Jirani yao wa ng'ambo ya mfereji, Barnaba, alikuwa mtu wa utani.

"Baba Ignas!" alipiga kelele siku moja akiwa amebeba kambale wake. "Ulimwengu wote umehamia dunguni kwako, na chumvi huna!"

"Mtu akijua dunia inavyokwenda, analala vizuri," Fridolin alimjibu.

"Mbona macho mekundu, basi? Mimi sijui hata rais wa jirani ni nani, na nakoroma mpaka viboko wanahama."

Dativa alicheka. Hata Fridolin alitabasamu. Ilikuwa mara ya mwisho.

Siku ile betri zilipokuwa juani, Fridolin alirudi saa sita, akaambiwa, asiamini. Akaketi mbele ya redio tupu. Mara kijiti chekundu cha kutafutia stesheni kikaanza kutembea chenyewe, taratibu, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kikasimama mahali ambapo hapakuwa na namba.

"Habari za mchana," ilisema sauti. "Viboko watatu wamevuka kaskazini. Apolonia, dada wa Fridolin, ameanza safari kutoka kijijini na kikapu cha viazi, kisha amerudi kwa sababu ya mguu."

Na wakati inasema, ndege waliinuka. Maelfu kwa maelfu waliondoka kwenye mpunga bila kupiga kelele, wakapotea upande wa milima, na bonde likawa kimya kiasi kwamba waliweza kusikia maji yakinywewa na mizizi. Kisha ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya mbao mpya iliyopakwa vanishi. Bernadetha aliijua. Wiki mbili tu zilikuwa zimepita tangu ainuse karibu na uso wake, alipoinama kumuaga mwanawe.

"Baba Ignas, izime," alinong'ona.

"Nizime nini, mama? Haina betri. Halafu angalia, ndege wameondoka. Umewahi kuona redio ya namna hii?"

Kwa siku tatu aliisikiliza. Haikukosea hata mara moja. Iliwaambia nani atapita kwenye tuta, nyoka yuko wapi, samaki wamejaa mtego gani. Ilikuwa kama kuishi na mtu anayejua yote na asiyechoka kusema. Siku ya nne, katikati ya habari, ilibadilisha mwendo.

"Tangazo la kifo. Familia ya marehemu inasikitika kutangaza kifo cha..."

Ikanyamaza. Walisubiri. Kijiti chekundu kilikuwa kinatetemeka.

"Nani?" Fridolin aliuliza.

"Barnaba wa ng'ambo ya mfereji. Mazishi ni kesho saa kumi."

Barnaba walikuwa wanamwona, anaosha miguu huku anapiga mluzi. Bernadetha alikimbia mpaka ukingo wa mfereji, kanga ikimvuka, akamwambia aende hospitali Ifakara leo leo.

"Mimi?" Barnaba alicheka. "Mwambie mtangazaji wenu nina sufuria ya kambale jikoni. Siwezi kufa kabla sijala, shemeji. Ni dhambi."

Saa kumi na moja jioni aliinama kunywa maji kwenye ndoo. Hakuinuka.

Wakamzika kesho yake saa kumi, Mungu amrehemu. Baada ya mazishi Bernadetha aliichukua redio akaitupa mferejini, akaikanyaga matopeni kwa miguu yote miwili mpaka mapovu yakaisha. Asubuhi ilikuwa kwenye msumari wake, kavu.

Na asubuhi hiyo ndipo ilipoanza kumpa Fridolin kile alichokuwa anakitaka.

"Ignas alikohoa mara tatu," ilisema. "Blanketi halikuwa lake."

Fridolin aliisogelea. "La nani?"

"La Lukelo, mwenzake wa chumbani. Kikombe kilikuwa cha kijani, kimepasuka mdomoni. Kilikuwa hatua nne kutoka kitandani. Alinyoosha mkono."

"Alikifikia?"

"Hakukifikia."

Ikaendelea hivyo mchana kutwa. Kila jibu lilizaa swali, na kila swali lilijibiwa. Aliambiwa idadi ya mabati ya chumba kile, aliambiwa nzi walitua wapi. Alikuwa anajua sasa mpaka rangi ya kikombe, na alilia kuliko siku zile alipokuwa hajui lolote. Aliacha kula. Mpunga ulimshinda. Dativa alimwamkia shikamoo baba, naye alimtazama kama mtu anayemzuia asione vizuri.

"Aliniita?" aliuliza hatimaye, midomo ikiwa imekauka. "Neno lake la mwisho lilikuwa nini?"

"Hilo ni kesho," ilisema sauti. "Baada ya tangazo."

Bernadetha hakulala. Kulipokucha alimshika mumewe mkono, wakashuka hadi kwenye tuta, mbali na kile kitu.

"Baba Ignas, nisikilize. Lile jina la Barnaba halikuja mpaka ulipouliza. Lilikaa pale linasubiri. Wewe ndiye uliyelifungulia mlango."

"Unasema nimemuua Barnaba?"

"Nasema leo usiulize."

"Nisipouliza, haitaniambia ya Ignas."

"Najua."

"Wewe hutaki kujua? Wewe ndiye uliyemzaa!"

"Nataka kuliko wewe," alisema Bernadetha. "Lakini ninaye mwingine, yuko pale anapika uji."

Fridolin aligeuka akaanza kurudi dunguni, na mwendo wake ukamtisha mkewe kuliko sauti ya redio.

Mchana ulikuwa unakaribia alipofika Apolonia, akichechemea, na nyuma yake mzee Eustaki, katekista wa kigango chao. Apolonia hakutaka hata kupokewa kikapu.

"Mdogo wangu, waliotoka kumzika Barnaba wametuambia. Ni kweli umewasha redio ndani ya matanga?"

"Dada, matanga yako nyumbani."

"Nani kakudanganya? Msiba si kinu, useme umekiacha uani. Msiba unakwenda na wenyewe. Mlipolala ninyi ndipo palipo na tanga, na tanga lisiloanuliwa halina mlango. Chochote kinaingia."

Mzee Eustaki alivua viatu, akapanda dunguni, akasimuliwa yote na Bernadetha, akaitazama redio bila kuigusa. Akawapanga wote chini, Dativa katikati. Akatoa rozari.

"Hili pepo halina nguvu ya kuchukua," alisema polepole. "Lina nguvu ya kujibu. Linakula maswali yetu. Mungu hakuwanyima watu kujua kila kitu kwa uchoyo, alituhurumia. Sasa sikilizeni. Litasema. Asiulize mtu, hata kwa kichwa, hata kwa macho. Tusali."

Walikuwa kwenye fumbo la pili la rozari ndege walipoinuka. Bonde likanyamaza. Harufu ya vanishi ikashuka kutoka kwenye makuti kama maji, na kijiti chekundu kikaanza kutembea.

"Tangazo la kifo," ilisema sauti tulivu. "Familia ya Fridolin na Bernadetha, ya Namawala, inasikitika kutangaza kifo cha..."

Kimya. Dativa alikuwa anatetemeka hivi kwamba sakafu ya fito ilikuwa inalia chini yake, na Bernadetha alimkumbatia bila kumtazama, maana aliogopa macho yake yasije yakauliza, na mzee Eustaki akaendelea na Salamu Maria kwa sauti iliyokuwa inapungua kama taa inayoishiwa mafuta, na sauti ikarudia, familia ya Fridolin na Bernadetha inasikitika kutangaza kifo cha, ikangoja, ikarudia tena, kwa upole, kama mtu anayemshikia mgonjwa kijiko mdomoni, mpaka kila mmoja wao akawa anahisi lile neno moja fupi limevimba kooni mwake na linataka kutoka lenyewe kama pumzi.

Kisha ikabadilika. Ikawa sauti ya kijana, yenye mafua kidogo.

"Baba. Mbona huniulizi? Nikuambie nilisema nini."

Apolonia akafunika uso. Fridolin aliinuka kwa magoti. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni, mdomo ukafunguka, na Bernadetha, aliyekuwa amemshika mtoto kwa mikono yote miwili na hakuweza kumwachilia amzuie mumewe, aliuona ulimi wa Fridolin ukipanda kulitamka lile neno, na wakati huo huo akaona mkono wake ukipapasa sakafuni, ukafika kwenye mkeka palipokuwa na mpunga wa chakula wa mwaka jana, ukachota konzi nzima na kuisukuma mdomoni, na konzi nyingine, makapi yakimchoma ufizi, akatafuna mpunga usiokobolewa huku damu ikimtoka pembeni mwa midomo na huku mwanawe akimwita baba, baba, kikombe kilikuwa cha kijani, baba, nilinyoosha mkono, uliza tu, naye akitafuna, akitazama miguu ya Dativa yenye matope, miguu tu, asitazame kitu kingine, mpaka sauti ya kijana ikawa ya mwanamke, na ya mwanamke ikawa ya mzee, na ya mzee ikawa mlio wa stesheni iliyokosa mawimbi.

"...kifo cha," ilisema. "Kifo cha. Kifo cha."

Jua lilikuwa limeshahama upande wa pili wa dungu ndege waliporudi. Walirudi kwa kelele zao zote, wakatua kwenye mpunga, wakaanza kula. Hakuna aliyekwenda kuwafukuza.

Mzee Eustaki aliifunga redio kwa kitambaa cheupe. Safari hii ilikuwa nzito, akasaidiwa na Apolonia. Waliizika kwenye kichuguu mbali na maji, akanyunyiza chumvi iliyobarikiwa, akasema sala yote mpaka mwisho.

"Imekwisha, baba?" Bernadetha aliuliza, kisha akajishika mdomo.

"Uliza tu, mama. Mimi ni mtu," alisema mzee, lakini hakumjibu.

Kesho yake waliacha mpunga mikononi mwa ndege wakaondoka kurudi kijijini, wakakae na msiba wao mahali pamoja mpaka uishe. Njia ya tuta ni nyembamba. Hupitwa na mtu mmoja mmoja. Bernadetha alitangulia na mzigo kichwani, Dativa katikati, Fridolin nyuma.

"Baba," Dativa alisema baada ya mwendo mrefu. "Ilitaka kumtaja nani?"

Fridolin alijibu kwa shida. Midomo ilikuwa imevimba.

"Sijui, mwanangu."

"Na kaka Ignas? Alisema nini?"

"Na hilo sijui."

Wakaendelea kutembea. Bernadetha alikuwa anasikiliza nyayo nyuma yake kwenye matope: za mtoto, nyepesi, na za mume, nzito. Mahali fulani zikapungua, zikawa kama za mtu mmoja. Alisimama. Hakugeuka na hakuita, asije akauliza. Alisimama vivyo hivyo, mzigo kichwani, akiangalia mbele, midomo ikisali bila sauti, mpaka akasikia tena za watu wawili.