Siku Nane Mpakani

Mimi ni Viateur, mwana wa Nkusi, mwana wa Rugwiro. Rugwiro alifuga ng'ombe huko Mudende, na watu waliogombania mashamba walimwita aseme alichokiona, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumkamata na neno la uongo. Nkusi, baba yangu, alikuwa katekista. Tulipokuwa uhamishoni Karagwe, nchini Tanzania, majirani waliosafiri walimwachia yeye funguo za nyumba zao. Huko ndiko nilikosomea, chini ya walimu waliotutaka tusimame wima, tujibu kwa sentensi kamili na tukiri kosa kabla ya kuulizwa. Baadaye nilifundisha kwa miaka thelathini na mmoja, nikawadai wanafunzi wangu mambo yale yale. Nayataja haya ili msomaji ajue kwamba aliyesema uongo katika hadithi hii hakulelewa katika uongo.

Nyumba yetu ipo Gisenyi, mwendo wa dakika kumi kutoka shuleni na dakika nyingine kumi kutoka mpakani, mahali panapoitwa Petite Barrière. Hapo ndipo wanawake huvuka kwenda Goma, mji wa nchi jirani, wakiwa na mabeseni ya nyanya, karoti na dagaa wa ziwani. Ninaishi na Illuminée, mke wa mwanangu, na binti zake wawili: Umuhoza, mwenye miaka kumi na miwili, na Tuyishime, mwenye miaka sita. Mwanangu hufanya kazi Kigali na kurudi mwisho wa wiki.

Mke wangu, Thacienne, alifariki mwezi mmoja kabla ya shule kufunguliwa. Moyo wake ulisimama hospitalini, siku ya Alhamisi. Tuyishime alikuwa amepelekwa kwa shangazi yake Nyundo tangu ugonjwa ulipozidi, akakaa huko hadi mazishi yakapita na wageni wa msiba wakatawanyika. Aliporudi alizunguka vyumba vyote, kisha akaja kusimama mbele ya kiti changu.

"Sogokuru, Nyogokuru yuko wapi?" Ndivyo watoto wa kwetu wanavyowaita babu na bibi zao.

Wiki hiyo mpaka ulikuwa umefungwa. Dada yake Thacienne anaishi Goma, naye Thacienne alizoea kumtembelea na kulala huko siku mbili tatu. Maneno yalinijia yakiwa tayari.

"Yuko Goma kwa dada yake," nilisema. "Mpaka umefungwa. Ukifunguliwa, atarudi."

"Atarudi kabla sijaanza shule? Alisema yeye ndiye atakayenichukua kila siku."

"Ukifunguliwa," nilirudia.

Niliwaita Illuminée na Umuhoza jikoni, nikawaamuru waseme kama nilivyosema mimi.

Illuminée alikuwa ameshika mwiko. "Papa, hadi lini?"

"Hadi atakapoizoea shule."

"Na akiwauliza watu wengine?"

"Nani atamwambia? Ninyi fungeni midomo."

Umuhoza alitazama sakafu. Hakusema kitu, nami nikauhesabu ukimya wake kuwa adabu. Siku nne baadaye mpaka ulifunguliwa tena. Sikumwambia Tuyishime.

Siku ya kwanza ya shule, Illuminée alimnyoa nywele, akamvalisha sare mpya, nasi tukampeleka. Langoni watoto wengine walining'inia kwenye nguo za mama zao wakilia. Tuyishime aliingia bila kugeuka.

"Huyu ni jasiri," mzazi mmoja alisema.

"Kwetu watoto hawalii shuleni," nilijibu. Nilipaswa kuona fahari. Sikuona kitu. Wiki zile nilikula, nilisali na kusikiliza taarifa ya habari kila siku, na kama mtu angeniuliza taarifa ilisema nini, nisingeweza kumjibu.

Shule ile husomesha kwa zamu. Darasa la kwanza hutoka saa tano na dakika arobaini, lakini Umuhoza, aliye darasa la sita, hubaki hadi saa tisa na nusu. Illuminée huwa kazini. Ilinipasa mimi nimchukue Tuyishime. Sikwenda. Nilisema kwamba mtoto wa miaka sita ana miguu, na kwamba katika umri huo nilitembea saa nzima kwenda shuleni. Hiyo ilikuwa kweli, lakini haikuwa sababu. Mahali pale langoni palikuwa pa Thacienne, nami sikutaka kusimama pale.

Basi Tuyishime alirudi peke yake. Wiki ya kwanza alifika saa sita. Wiki ya pili alifika saa saba, kisha saa saba na nusu. Chakula chake kilipoa juu ya meza. Nilikiona kikipoa. Sikuuliza.

Jumatatu ya wiki ya tatu, mwalimu wake, Uwamariya, aliniita.

"Mzee, mtoto huyu halii wala hasumbui, lakini pia hasomi. Wenzake wameshaandika namba hadi kumi, yeye daftari lake ni jeupe. Nikimsemesha ananijibu 'ndiyo, mwalimu', kisha anatazama mlango. Hajacheza na mtu hata siku moja. Ikiendelea hivi, mwaka utampita. Nyumbani kuna nini?"

"Nyumbani hakuna kitu."

"Nasikia mna msiba. Je, mtoto amemlilia bibi yake?"

"Ni mtoto. Hajui."

Uwamariya alifungua kinywa aseme neno, lakini kengele ililia, nami nikaondoka.

Nisilolijua wakati ule ni kwamba mwishoni mwa wiki ya kwanza, Narcisse, mwenzake wa dawati, ambaye mama yake huuza karoti Goma, alikuwa amemcheka. "Mpaka umefungwa? Wewe! Mama yangu amevuka leo, na jana, na juzi. Hata mbuzi wanavuka!" Tuyishime hakubishana naye. Alikuwa na maneno mawili yasiyoweza kuwa kweli kwa pamoja, langu na la Narcisse. Kwa kuwa langu lilikuwa la Sogokuru, hakulitupa. Aliamua kwenda kuona mwenyewe.

Jumatano chakula kilipoa kama kawaida. Saa nane ilipita, saa tisa ikapita. Karibu saa kumi nilisikia sauti ya mwanamke uani. Alikuwa Robinah, muuza nyanya anayekaa mtaa wa chini, beseni tupu likiwa kichwani, mkono wake umemshika Tuyishime. Majirani wawili walikuwa wamemfuata hadi langoni.

"Muzee, huyu mutoto ni wa hapa kwenu, hapana?"

"Ni mjukuu wangu."

"Bon. Sasa sikia. Leo ni siku ya nane, mi nahesabu, huyu mutoto iko pale kwa barrière. Anasimama kando ya mustari, anaangalia wamama wote kwa uso, moja moja. Mi niliwaza iko na mama yake karibu. Leo akaweka sac yake ya shule kwa kichwa sawa sisi wenye mabeseni, akaingia katikati yetu, eti anavuka! Polisi akamushika mukono. 'We katoto, unaenda wapi?' Unajua alijibu nini?"

Nilitikisa kichwa.

"'Naenda kumuleta Nyogokuru Thacienne, amechelewa.'" Robinah alishusha beseni chini. "Thacienne! Ule tulimuzika pamoja na nyinyi, Muzee! Donc mulimudanganya mutoto? Nyinyi watu wa sala?"

Tuyishime alilisikia neno kuzika. Niliona likimfikia. Aligeuka akanitazama, akingoja niseme kwamba Robinah amekosea.

Na jibu lilikuwa tayari. Ningesema kwamba Robinah anamzungumzia Thacienne mwingine. Mtoto angenisadiki, kama alivyonisadiki kwa siku nane mbele ya nyuso zote zile. Nilikuwa nimekwisha kuvuta pumzi ya kusema.

"Sogokuru, usiseme tena kwamba yuko Goma."

Alikuwa Umuhoza. Alikuwa amesimama nyuma ya majirani, ametoka shuleni, jasho likimtoka. Hakuna mtoto aliyewahi kunikatiza mbele ya watu. Nilimtazama, lakini hakunyamaza.

"Nilijua anakwenda mpakani. Aliniambia Alhamisi iliyopita. Kila asubuhi njiani ananiuliza, namjibu ulivyoniagiza. Nikimkataza kwenda, ataniuliza kwa nini. Nimeshindwa, Sogokuru. Angevuka leo, tungemtafuta wapi?"

Niliketi juu ya ngazi ili uso wangu uwe sawa na wa Tuyishime. Nilisema kama nilivyofundishwa kusema, kwa sentensi kamili.

"Nyogokuru amekufa. Alikufa hospitalini ulipokuwa Nyundo. Tulimzika. Hayuko Goma, na hatarudi. Mimi nilikudanganya, nikawaamuru mama yako na dada yako wakudanganye."

Tuyishime alifikiri. "Mpaka ulikuwa wazi?"

"Ulikuwa wazi."

"Basi Narcisse alisema kweli."

"Alisema kweli."

"Sasa nani atanichukua shuleni?"

"Mimi."

"Usichelewe," alisema.

Robinah alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akachukua beseni lake, akaondoka na majirani. Tuyishime hakulia. Mimi pia sikulia. Aliingia ndani akala chakula chake kilichopoa, chote. Illuminée aliporudi kutoka kazini na kusikia yaliyotokea, aliketi jikoni akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na Umuhoza akalia pamoja naye.

Jumamosi tulikwenda makaburini. Tuyishime aliuliza kama udongo ni mzito kwa Nyogokuru. Nilimjibu kwamba sijui, kwa sababu sijui.

Tangu siku iliyofuata ile Jumatano nilisimama langoni mwa shule kabla ya kengele, mzee mmoja kati ya wanawake. Wiki iliyofuata penseli ya Tuyishime ilivunjika darasani, naye akalia kwa saa nzima, kilio ambacho hakuna penseli inayostahili. Uwamariya alimwacha alie. Baada ya hapo mtoto alianza kuandika. Majuma mawili baadaye mwalimu alinisimamisha tena.

"Mzee, nina malalamiko. Sasa anasema mno. Leo amegombana na Narcisse kwa sababu ya kifutio, akamwambia mbele ya darasa kwamba saba yake imepinda kama mkia wa mbwa."

"Nitamkanya," nilisema. Nilimkanya, lakini si sana.

Lilibaki jambo langu na Umuhoza. Nilimwita, akaja akasimama wima, mikono nyuma.

"Ulinikatiza maneno mbele ya watu."

"Ndiyo, Sogokuru. Naomba unisamehe."

"Hakuna la kusamehe hapo, kwa sababu hapo hukukosa. Kosa lako ni kungoja kuanzia Alhamisi hadi Jumatano. Mtoto wa miaka sita alikuwa barabarani, wewe ulijua, ukanyamaza kwa kuniogopa mimi. Nami nilikosa zaidi yako, kwa sababu niliogopa swali la mtoto, nikauita woga wangu huruma."

Alinitazama kwa mshangao. "Hata wewe uliogopa?"

"Niliogopa. Kaa chini sasa, umesimama vya kutosha."

Nanyi wanafunzi mnaosoma haya, wekeni kalamu chini mnisikilize. Adabu ni kuwatii wakubwa wenu, nami ningali nawadai adabu hiyo. Lakini mkubwa akikuamuru kuficha jambo, na kwa kulificha mtoto mdogo akaingia hatarini, amri hiyo usiitii, hata kama aliyeitoa ni babu yako na jina la babu zake ni safi. Mwambie mama. Mwambie mwalimu. Mwambie siku hiyo hiyo unapojua, wala usingoje mgeni amlete mtoto nyumbani kwa kumshika mkono. Wako kati yenu, sasa hivi, wanaolijua jambo la namna hii na wamenyamaza. Wainuke, waende wakaseme.