Kitoto cha Kinyonga na Wivu wa Fundi Saa

Yai lilipasuka kabla ya wakati wake, na hilo peke yake lisingemshtua mtu. Kilichomshtua mke wa fundi saa ni harufu. Chumba kizima kilinuka asali iliyochacha, na katika chumba kile, chenye masanduku ya udongo na vinyonga waliojikalia kimya matawini, haikuwahi kuingia asali. Alifungua dirisha. Harufu haikutoka.

"Bwana, hebu njoo unuse hapa," alimwita mumewe.

Fundi saa alikuja akiburuza ndala, akanusa, akatikisa kichwa kwamba hasikii kitu. Yeye alichokiona ni mkewe amepiga magoti mbele ya sanduku, amebana pumzi, anakitazama kitu kidogo kuliko ukucha. Kilikuwa kimejikunja ndani ya ganda, macho yamefumba, na kifuko cha kiini bado kimening'inia tumboni.

Mtaani walimwita mke huyo Mama Vinyonga. Aliwalea kwa ajili ya bustani ya wanyama ya mjini, na wote walikubali kwamba ana mkono mzuri. Ila kati ya waliotoka yaini mapema hivi, hakuwahi kumwokoa hata mmoja.

"Hiki hakifi," alisema kwa sauti ya chini. "Safari hii hakifi."

Tangu hapo nyumba ikawa ya kitoto. Mama Vinyonga aliazima lenzi ya mumewe ya kuvaa jichoni, kesho yake kibano chake, kisha kile kifuniko cha kioo ambacho fundi hufunikia saa zilizofunguliwa zisiingie vumbi. Kitoto kililazwa kikombeni juu ya tishu iliyoloweshwa, kikafunikwa, na mtu asikiguse mpaka kimalize kukinyonya kile kiini, maana kifuko kikipasuka ndiyo basi tena. Kilipomaliza, akaanza kukinywesha kwa kidondoshea maji, tone moja moja kwenye ncha ya pua, akisubiri kilambe. Zamani, baada ya chakula cha jioni, alikuwa akikaa na mumewe kwenye meza ya saa, anamshikia skrubu na kumpa umbea wa mtaa. Sasa hata chakula alikula amesimama.

Wivu ukamshika fundi saa, tena ule wivu wa kijinga unaoona haya kujitaja. Mwanamume mzima mwenye mvi zake, anakionea gere kijusi kisichofika urefu wa kidole! Alijicheka mwenyewe. Kujicheka hakukumsaidia kitu.

"Mbona mimi nikikohoa huulizi?" alisema siku moja wakiwa mezani.

"Kwani unaumwa?"

"Ningeumwa ungejua?"

"Jamani, bwana! Kudeka umeanza lini?" Mkewe alimfinya shavu, akacheka, akarudi kwenye kikombe chake.

Alasiri moja Mama Vinyonga alikwenda sokoni kuomba ndizi zilizooza, za kuzalishia inzi wadogo wa kukilisha kitoto. Fundi alibaki mezani na saa ya mteja. Hapo ndipo alipomsikia mkewe akiongea kule chumbani.

"Pole baba," sauti ilikuwa ikisema. "Nimekuona. Niko hapa."

Fundi aliweka bisibisi chini. Alijua fika kwamba mkewe hayumo, alikuwa amemwona kwa macho yake akivuka barabara na kikapu, lakini sauti ilikuwa yake kabisa, ile ya siku za mwanzo za ndoa, laini, isiyo na haraka, sauti ambayo hakuwa ameisikia ikielekezwa kwake kwa muda mrefu, na ingawa vinyweleo vilimsimama, aliinuka, akapita ukumbini akigusa ukuta, akasukuma mlango, akakuta chumba kitupu, vinyonga wote wamegeuza macho kwenye pembe moja, na harufu ya asali iliyochacha inamjaa puani.

"Unataka nini?" sauti ya mkewe ilimuuliza kutoka pembeni.

Mtu mwenye akili timamu angetoka mbio, na fundi saa hakuwa mjinga. Ila alikuwa na jibu tayari, amelibeba kifuani siku zote hizo, na hakuna mwingine aliyewahi kumuuliza.

"Nataka anitazame mimi," alinong'ona. "Mimi peke yangu."

Chini ya kioo kitoto kikageuka cheusi.

Mkewe aliporudi alimkuta sakafuni, amelala ubavu, magoti yamegusa kidevu, mwili wa baridi na unyevunyevu. Hospitali walimpima wakapima tena, hawakuona ugonjwa, wakamrudisha nyumbani. Hakuweza kuinua kichwa. Alipolishwa kwa kijiko alipaliwa. Ngozi ilimkauka na kupasuka asipofunikwa kwa kitambaa chenye maji, na mkewe alipobadilisha shuka ya kijani, aliona kijani kimebaki mashavuni mwa mumewe. Akachukua kile kidondoshea maji, akaanza kumnywesha, tone moja moja, akisubiri alambe. Akiinuka tu, mume analia. Akikaa, ananyamaza. Na aibu iliyoje, fundi saa alikuwa na furaha.

Mganga aliyeitwa alikuwa mama mnene, aliyepanda ngazi akizilaani moja baada ya nyingine. Mlangoni alinusa, utani ukamwishia.

"Nani alimjibu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Mgonjwa alifumba macho, na mganga akaelewa.

"Sikiliza, baba. Jini huyu anaondoka kwa neno la aliyemjibu. Sema humtaki, na kwamba mkeo yuko huru kutazama anachotaka. Hilo tu. Usiposema, atakukausha hapo hapo kitandani."

"Sema, mume wangu," Mama Vinyonga alimnong'oneza. "Nakuomba. Sema."

Alikuwa amemwinamia, ameushika uso wake kwa mikono miwili, machozi yanamdondokea fundi kwenye midomo. Macho yake hayakuwa na lenzi wala haraka. Fundi aliyatazama, akajua mambo yatakavyokuwa akisema lile neno. Atapona. Mkewe atafurahi, atajifuta machozi, atamshukuru mganga, na kabla chai haijapoa atakuwa ameshakwenda chumba cha pili.

"Hapana," alisema.

Mganga alifunga mkoba wake. "Jini anayependwa mimi simtoi," alisema, akashuka ngazi bila kuzilaani.

Mama Vinyonga alijipangusa machozi. Kisha akaanza kuinuka taratibu.

"Nakuja sasa hivi," alisema. "Nikakilishe tu, kitakufa na njaa."

"Kaa," alisema fundi saa, na ndani ya kifua chake sauti ya mwanamke, sauti ya mkewe mwenyewe, ikasema baada yake, "Kaa."

Akakaa.