Filimbi Yenye Ufa

Anayebisha akamuulize Coralee Jessop mwenyewe, jirani yangu mfugaji hapa Wyoming. Koyote, wale mbwa mwitu wadogo, walimlia wanakondoo watatu, akaapa kurudi kuwinda. Mara ya mwisho alipowinda alikuwa bado msichana.

"Watakucheka, mke wangu," mumewe alimtania.

"Wacheke. Ndiyo nitajua walipo."

Alfajiri aliketi kwenye theluji, ameegemea jabali, akapuliza filimbi inayoigiza kilio cha sungura aliyeumia, ili kuwavuta koyote. Ilikuwa na ufa, hivyo kila kilio kiliishia kwa mkwaruzo. Kisha akanyamaza kusubiri, kama wawindaji wafanyavyo.

Kilio kilekile kikajibu kutoka bondeni, pamoja na mkwaruzo wake.

"Nani wewe? Hili ni shamba langu!"

Akapuliza kwa hasira. Jibu likatoka karibu zaidi.

"Sitoki ng'o!" Akapuliza tena.

Safari hii kilio kilitoka nyuma ya jabali. Coralee akazunguka na bunduki mkononi. Hapakuwa na mtu, wala unyayo mmoja kwenye theluji.

"Kesho nakuja tena!" akafoka.

Upande huo wa nyuma, jabali zima lilikuwa jeupe kwa barafu, isipokuwa duara moja, usawa wa sikio lake alipoketi upande wa pili. Hapo palikuwa pamelowa, na bado pana joto la pumzi.