Mume wa Ijumaa

Mlangoni pa duka kubwa la Al Wakrah, mji wa Uarabuni, Ijumaa moja ya mwaka 2014, watu walimiminika kama siku ya sikukuu. Akina baba walivaa kanzu nyeupe zilizonyooka, akina mama mabuibui yanayonukia udi, watoto wamepandishwa kwenye matoroli. Silvesta Wekesa peke yake ndiye aliyezuiwa. Bawabu, Mnepali mpole, alimweleza kwamba Ijumaa ni siku ya familia, mwanamume aliye peke yake arudi kesho. Kesho Silvesta angekuwa kazini. Yeye mwenyewe alikuwa mlinzi, wiki nzima anawazuia watu milangoni, kwa hiyo alijua kubishana na mlinzi ni kupoteza mate. Lakini kambini walikolala walinzi habari zilikuwa zimeenea kwamba unga mweupe wa mahindi umefika, na alikuwa amechoka kula wali kama mtu anayetumikia kifungo.

Ndipo akasikia Kiswahili nyuma yake. Msichana mmoja mrefu, nywele zimesukwa mistari, gauni la kijani na raba nyeupe, alikuwa anamuuliza mama yake kwenye simu kama ng'ombe amezaa. Alikuwa Scovia Kageha, nesi wa zahanati moja mjini humo, mzaliwa wa Vihiga. Silvesta alingoja akate simu.

"Samahani, dada. Unaweza kuwa bibi yangu kidogo tu, tuingie hapa?"

Scovia alimpima kuanzia viatuni hadi kwenye kofia. "Na mimi nitapata nini?"

"Nitakusukumia toroli."

"Bwanangu husukuma toroli akiwa amenyamaza."

"Basi nimenyamaza."

Scovia akamshika mkono, wakapita. Bawabu aliwatazama, akatabasamu kidogo, akageukia kwingine.

Silvesta hakunyamaza, bila shaka. Alizungumza kuanzia kwenye vitunguu mpaka kwenye sabuni, akamchekesha Scovia mbele ya samaki waliolala kwenye barafu hadi mwuzaji akawaangalia vibaya. Kwenye mboga, Scovia alisimama ghafla. Fungu la majani aliyoyajua tangu utotoni lilikuwa limelala pale, Waarabu wanayaita mulukhia, kwao ni mrenda. Aliyanusa, macho yakamjaa machozi, akasema ni vumbi. Silvesta wa Bungoma aliyajua majani yale pia. Hakumtania. Nadhani hapo ndipo alipoanza kupendwa, ingawa mwenyewe hakujua.

Ijumaa iliyofuata walikutana tena, na nyingine, na nyingine. Usishangae kwamba walikuwa wanakutana dukani. Hosteli ya manesi ilikuwa na mwangalizi asiyeruhusu mwanamume kuvuka geti, na kambi ya walinzi haikumpokea mwanamke hata akiwa mama yako. Ufukweni jua la Julai lilikuwa linachoma kama pasi. Kwa hiyo nyumba yao ilikuwa ile, kati ya rafu za mchele na mafriji ya maziwa, kiyoyozi kikivuma. Humo waligombana kuhusu mafuta ya kupikia kama watu waliooana zamani. Scovia alimkataza soda, yeye akamkataza kununua nyanya zilizolainika. Kisha nje, kando ya maegesho, waligawana mifuko, yako hii yangu hii, kila mtu akaenda kupika kwake. Scovia alipanda basi na mfuko wake magotini, akahisi amefiwa na mtu asiyemjua jina.

Jioni walipigiana simu. Silvesta alimwita Malkia wa Mrenda, alimsimulia vituko vya kambini na jinsi rafiki yake Joram alivyounguza sufuria. Kila kitu alikisema, ila kimoja.

"Sil, sisi ni nini?" Scovia alimuuliza siku moja.

"Sisi ni wazuri."

"Nimekuuliza swali."

"Si unajua, mpenzi. Mambo ya huku. Tungoje kidogo."

Kungoja nini, hakusema. Ukweli ni kwamba aliogopa. Mkataba wake ulikuwa bado mrefu, bila ruhusa ya mwajiri hakuweza hata kutoka nchini, na aliona aibu kumposa msichana akiwa analala chumba kimoja na wanaume wengi kwenye vitanda vya ghorofa. Alidhani kunyamaza ni heshima. Scovia alisikia ukimya tu, na ukimya kwa mwanamke anayependa haukaliki.

Kisha wakala wa kazi za nje akampigia Scovia simu: nyumba ya kutunzia wazee kule Ireland inamtaka, atoe jibu kabla wiki haijaisha. Alizunguka chumbani hadi Charity, mwenzake wa chumba, akamwomba aketi kwa jina la Bwana. Aliazimia kumweleza Silvesta ana kwa ana. Akisema baki, nitabaki. Ijumaa hiyo alipangiwa zamu, na Silvesta alijua hivyo, lakini Scovia alimbembeleza mwenzake wakabadilishana, akavaa lile gauni la kijani, akaenda bila kumwarifu.

Alimwona akiwa bado ng'ambo ya barabara. Silvesta alikuwa mlangoni, toroli mbele, na mwanamke mwingine amemshika mkono, mnene, amependeza, wanacheka. Bawabu aliwapisha.

Scovia si mjinga. Alijua mchezo wa mlango ule kuliko mtu yeyote. Hakudhani Silvesta ana mke wa pili. Alichokiona kilimuuma zaidi: kumbe nafasi yake inajazwa na yeyote anayepita. Alikuwa ufunguo, na funguo ni nyingi. Akageuka, akapanda teksi, akamjibu wakala ndiyo, kisha akazima simu. Hasira hasara, lakini nani huikumbuka methali akiwa amekasirika?

Alaasiri hiyo Silvesta alifika kwenye geti la hosteli na mfuko wa mrenda. Scovia alikuwa amelalamika kwamba chakula cha kazini kinamshinda, naye Silvesta alitaka Scovia akitoka zamu akute mboga ya kwao. Mwanamke yule wa mlangoni alikuwa Virginia, Mganda anayefanya kazi za nyumbani kwa tajiri mmoja, aliyemwomba ampitishe tu, wala hakumwona tena. Aliyetoka kupokea mfuko ni Charity, na Charity hakumficha kitu. Alimwambia alichoonekana akifanya, akamwambia habari za Ireland, akamwambia pia kwamba mwanamume anayengoja mvua ikatike ndipo apande atakula mawe. Silvesta alisimama pale kwenye joto mpaka mwangalizi akamfukuza.

Jumapili ni siku ya kazi kama nyingine huku. Scovia alikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, ndiyo kwanza amewasha simu, mama yake akapiga kutoka Vihiga akinong'ona.

"Scovia, kuna wageni hapa. Wametoka Bungoma."

"Wageni gani, Mama?"

"Wazee wawili na mama mmoja wa heshima sana. Wamebeba shopping, sukari, majani chai, mchele, yaani meza haionekani. Wanasema kijana wao anaitwa Silvesta, na wamekuja kuona mlango wa kwetu. Baba yako amewakaribisha viti, lakini mimi ndiye nina jiko. Sasa niambie. Niwape chai waende salama, ama nichinje kuku?"

Kwao hilo si swali la chakula. Chai hupewa yeyote. Mgeni wa posa akila kuku amekubaliwa, na mfupa hauwezi kurudishwa. Scovia aliketi kwenye benchi.

"Mama, nipe dakika. Usikate."

Alimpigia Silvesta kwa simu ya zahanati iliyotundikwa pale ukutani. Aliitikia kabla haijalia mara ya pili.

"Umetuma watu kwetu."

"Nimetuma."

"Mimi nimeshakubali Ireland, Sil. Siwezi kurudi nyuma. Hata nilipotulia niliona kwamba naitaka ile kazi."

"Charity aliniambia tangu Ijumaa."

"Ukajua naenda, na bado ukawatuma?"

Sauti ya Silvesta haikuwa na utani hata kidogo. "Sikuwatuma wakuzuie. Nenda, ufanye kazi. Mkataba wangu ukiisha nitajua njia. Lakini usiende ukidhani ulikuwa wa kunipitisha mlangoni. Nilikuwa naona aibu sina kitu, nikakaa kimya, na nimekosa. Nakupenda, Scovia. Nilitaka kwenu wajue."

Scovia alilia, safari hii bila kutaja vumbi. Akainua simu nyingine. Mama yake alikuwa bado anapumua upande wa pili, na nyuma yake mwanamume mzee alikuwa anasimulia habari za mvua ya Bungoma.

"Mama."

"Nipo."

"Chinja."

Alisikia simu ikiwekwa mezani, mlango wa jikoni ukifunguliwa, na mama yake akiwaita kuku.