Kimekula?

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Manyunyu yalianza alfajiri na baridi ilikuwa kali. Kama kila Jumamosi, Kasuku alimfuata shangazi yake muuguzi kwenye nyumba ya kanisa ya kutunzia watu wenye ulemavu. Alikuwa darasa la sita, na aliitwa Kasuku kwa sababu hakusikia neno asilirudie.

Aliyemvutia zaidi pale alikuwa mhudumu mmoja, Haleluya. Huyo aliomba mpaka mabati yakatetemeka. Biblia yake ilikuwa nene, huruma yake nyembamba kama ganda la kitunguu. Alisukuma viti vya magurudumu kama mtu anayepeleka magunia sokoni, na hakubisha hodi kamwe.

Asubuhi hiyo alijitoma chumbani kwa fundi cherehani wa zamani, mzee asiyeweza kusimama. Hakumsalimu. Alimgeukia Kasuku.

"Hiki kiwete kimekula?"

Kasuku akacheka. "Bado. Kinatafuna polepole."

Fundi aliweka kijiko chini. Uji ukapoa mbele yake, na dawa zake hazimezwi bila chakula. Kufikia adhuhuri alikuwa bado hajazimeza. Haleluya alimweleza shangazi kwamba mzee ana roho ya ukaidi, akajitolea kuikemea.

Shangazi alikwenda kuchutama kando ya kiti, akamwamkia fundi na kumwuliza kulikoni.

"Kimegoma," fundi alisema, akiwaonyesha Haleluya na Kasuku kwa kidevu. "Kitakula siku kitakapokuwa mtu."

Shangazi akaelewa. Alimleta fundi ukumbini, akawasimamisha Haleluya na Kasuku mbele ya wakazi waliokusanyika kwa sala ya mchana. Haleluya akafungua Biblia, shangazi akaifunga.

"Umeisoma sana, yenyewe haijakusoma. Kiti kimevunjika. Kijiko kimeanguka. Mtu amekula. Mtoto wa darasa la kwanza anajua hilo, wewe unayesema umeitwa na Mungu hujui? Wito si kelele, ndugu yangu. Ukimhudumia mtu kama kitu, humtumikii Mungu, wewe ni mpagazi tu. Nawe Kasuku, si kila neno ni la kurudiwa."

Haleluya aliomba radhi kwa sauti ndogo, ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo. Kasuku alimwomba fundi ruhusa ya kumpashia uji moto. Fundi akaitikia kwa kichwa. Bakuli lilipokuja, alichukua kijiko.

Kasuku hakuondoka. Alisimama wima, wote wakimsikia.

"Shikamoo, babu. Mbele ya hawa wote naahidi: nitabisha hodi, nitakuuliza wewe mwenyewe, na nikisikia mtu akiitwa kitu, sitarudia. Nitakataa."